Mstari Uliozunguka Kilima

Vijana wa ofisini walinipigia simu wiki tatu baada ya kuniaga kwa keki na saa ya ukutani. Walikuwa wanaandaa mafunzo ya mtandaoni kuhusu kuhifadhi udongo, yatakayosomwa kwenye simu na maafisa wapya pamoja na wakulima wenyewe, na walitaka niwaandikie kitu kifupi kuhusu jinsi ya kupima kontua, ule mstari wa kimo kimoja kilimani. Nikawaambia kitu kifupi sina, nina kirefu. Wakasema sawa, Madam, andika unavyotaka, sisi tutapunguza. Haya, wajaribu.

Nilifika Kisii mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa na cheti, sanduku la bati, na ile hakika ya mtu ambaye hajawahi kukosea kwa sababu hajawahi kufanya kazi. Kwetu ni Machakos. Kwetu udongo unabembelezwa. Unachimba mtaro, unangoja mvua hadi unasahau uliuchimba kwa nini, na mche ukitoa jani moja unaita jirani aje kuona. Asubuhi yangu ya kwanza pale Keumbu, ambako ofisi yetu ya vyumba viwili ilikuwa nyuma ya soko, nilienda chooni nikakuta nguzo ya mlango ina majani. Nilidhani ni mmea uliojiegemeza. La, ilikuwa nguzo yenyewe. Mtu alikata gogo akalichimbia chini lishike mlango, nalo likaamua kuendelea kuishi. Nilisimama pale nikasahau hata nilichofuata. Kisha nikacheka, nikaenda zangu kunywa chai. Laiti ningeikumbuka ile nguzo miezi mitatu baadaye.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Makori, msaidizi wa shambani. Alikuwa amezunguka vilima vya Kisii na Nyamira tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na hakuvua mabuti yake ya mpira ila kwa kulala na kwa kanisa. Vyeti hakuwa navyo, wala hakuvionea wivu. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye mteremko mmoja baada ya mvua, akaniuliza naona nini. Nikaanza kumpigia hotuba ya asilimia za mwinamo. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Madam, wewe unaangalia kilima. Kilima itakudanganya. Angalia maji." Akanionyesha majani makavu na vijiti vilivyokwama kwenye mashina ya migomba, vyote vikielekea upande mmoja. Kila mahali takataka zilipokwama, maji yalikuwa yamepita hapo na kupunguza mwendo. Alisoma mteremko mzima hivyo, kwa takataka tu. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu na hakuna aliyewahi kuniambia nitazame takataka.

Chombo chetu kikuu kilikuwa pima maji ya kamba: kichupa kidogo cha maji chenye kiputo cha hewa ndani, chenye vikulabu viwili vya kukitundikia katikati ya uzi. Ya ofisi ilikuwa imevunjika, kwa hiyo nilienda mjini Kisii kununua nyingine katika duka la vifaa la familia moja ya Kihindi. Aliyeuza alikuwa mama mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. Nilimpa pesa, akakataa kuipokea kwanza. "Wewe iko haraka sana," akasema. "Tundika. Ona kiputo. Sasa toa, geuza, mkono ya kulia iende kushoto. Ona tena. Kama inadanganya, ikigeuzwa itajisema." Tulijaribu tatu, mbili zikajisema. Ya tatu, kiputo kilibaki katikati hata kilipogeuzwa, na hiyo ndiyo niliyoinunua. Ninayo mpaka leo. Ofisi waliidai, nikawaambia ilipotea.

Kwa wale mtakaosoma hii kwenye simu, kazi yenyewe ni hivi. Unachukua fito mbili zinazolingana urefu, unafunga uzi wa mita kumi kutoka fito moja hadi nyingine, kwa kimo kilekile. Katikati unatundika pima maji. Mtu wa nyuma anasimama tuli. Wa mbele anapanda na kushuka hadi wa katikati aone kiputo kimetulia, kisha mnapiga kigingi. Wa nyuma anakuja kwenye kigingi hicho, wa mbele anasonga tena. Ni hivyo tu. Mkiviunganisha vigingi vyote mnapata mstari ambao kila sehemu yake iko kimo kimoja, na ukichimba mtaro hapo na kutupa udongo upande wa juu, ile tunayoita fanya juu, maji yakifika hayana pa kukimbilia. Yanakaa, yanazama. Kazi ya kitoto kabisa. Nimeifanya miaka thelathini na bado kiputo kikitulia katikati moyo wangu nao unatulia.

Sasa nifike kwa Mama Nyaboke.

Alikuja ofisini mwenyewe, kwa miguu, kutoka upande wa Nyamira, akiwa na karai kichwani. Alilitua mezani kwangu, juu ya ripoti niliyokuwa nikiiandika kwa mwandiko mzuri. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu, mlaini, bado una unyevu. "Hii ilikuwa shamba yangu," akasema. "Nimeipata kwa barabara, huko chini. Nataka unifundishe kuirudisha." Alikuwa mjane wa umri wa kati, mwembamba, asiyetabasamu bure, mwenye binti mmoja tu, Nyaboke, aliyekuwa sekondari. Mzee Makori alilitazama karai, akanitazama mimi, akaenda kutafuta mabuti yangu.

Kilima chao kilikuwa cha mviringo, kimesimama peke yake kati ya vijito viwili, na mashamba yalikuwa yamegawanywa kutoka kileleni hadi chini, kama ugali uliokatwa kuanzia katikati. Kila familia ilikuwa na kipande chembamba: juu nyumba, katikati mahindi na wimbi au majani chai, chini migomba, nyasi za nepia na maji. Mipaka yote ilishuka na mteremko, na mvua ikapenda kufuata mipaka hiyo. Kwa Mama Nyaboke tayari ilikuwa imechimba korongo la kumfika mtu kiunoni. Jirani yake wa kushoto alikuwa shemeji yake, Nyakundi, ndugu wa marehemu mumewe. Mtu mchangamfu sana, wa kwanza kunisalimia, wa kwanza kuniletea kiti.

Kitu ambacho sikujua, na ambacho kila mtu kilimani alijua, ni kwamba Nyakundi alikuwa akiitaka ile sehemu ya chini ya Mama Nyaboke, yenye chemchemi isiyokauka. Alikuwa akisema mwanamke mwenye binti mmoja, ambaye ataolewa aende zake, anatosheka na nyumba na mahindi ya juu. Alisema hivyo kwenye mazishi, akasema kwenye harusi. Hakuwa na la kushika ila maneno. Halafu nikaja mimi kutoka Machakos nikampa la kushika.

Siku ya kupima, Mzee Makori alikuwa kitandani na malaria. Ningengoja. Sikungoja. Nyakundi alikuja akasema, "Madam, usisumbuke na pegi, mimi nitakukatia." Akaingia kwenye ua wake na panga, akarudi na mzigo wa vigingi vilivyochongwa vizuri, laini kuchonga kama muhogo. Nilimshukuru mbele za watu. Hata nikamwambia Mama Nyaboke ana bahati ya shemeji. Aligeuka kutazama chemchemi yake, nami nikadhani ni haya. Tukapima kutoka mpaka wa Nyakundi, tukakata shamba katikati kwa mstari mmoja mzuri, hadi kwenye mpaka wa jirani wa kulia. Hapo mvua ikaanza, tukakunja kamba. Nilirudi Keumbu nimelowa na nimefurahi.

Kwetu kijiti ni kijiti. Ukikichomeka ardhini leo, mwakani utakikuta kijiti, kama mchwa hawajakimaliza. Nilirudi baada ya wiki tatu kuonyesha wachimbaji pa kuanzia, nikakuta vigingi vyangu vyote, kimoja kimoja, vimetoa majani. Ulikuwa omotembe, ule mti wa maua mekundu, ambao kilimani pale ulipandwa kwa kazi moja: kuonyesha mpaka. Mtu akipanda omotembe mbele ya mashahidi na ukashika, hapo ndipo shamba la mtu linapoishia. Na mimi, afisa wa serikali, mchana kweupe, mbele ya nusu ya kijiji, nilikuwa nimepanda safu nzima kukatisha shamba la mjane, nyumba upande wa juu na chemchemi upande wa chini.

Nyakundi alikuwa amesimama pale akiningoja. "Serikali imegawa," akasema, kwa upole kabisa. "Na mungu wa udongo amekubali. Zote zimeshika."

Niliiendesha pikipiki hadi kwa Mzee Makori kama mtu aliyeibiwa. Nilimkuta ameketi nje amejifunika blanketi. Nikamwambia nakwenda kuving'oa vyote sasa hivi. Ni mara ya kwanza na ya mwisho kuniinulia sauti. "Guza hata moja uone. Ukipanda mpaka umekosa. Ukiing'oa umekosa mara mbili, na hapo hata mimi siwezi kukutetea. Yule anangoja uing'oe." Kisha akakohoa, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Pegi ulikata wapi?" Nilipomwambia ni Nyakundi aliyenikatia, alifumba macho. Nimewauliza swali hilo vijana wengi tangu siku ile, na hawajui ni kwa nini sauti yangu huwa kali.

Kumkabili Mama Nyaboke kulikuwa kugumu zaidi. Nilimkuta akipalilia juu ya ule mstari, mgongo kwangu. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akapalilia hadi mwisho wa tuta ndipo akasimama. Wazee walikuwa wamepanga kuketi Jumapili ile kusikiliza madai ya Nyakundi.

"Hiyo kamba yako," akasema, "ilisimama hapo kwa jirani kwa nini?"

"Mvua ilinyesha, mama."

"Bila mvua, ingeenda wapi?"

"Ingeendelea."

"Hadi wapi?"

Darasani kontua zilifika kwenye ukingo wa karatasi. Kwetu mistari yangu iliishia kwenye makorongo, hapo mtu akafunga kazi. "Kwenye ramani," nikasema, "kilima kikiwa peke yake, mstari huzunguka ukajirudia."

"Kwa ramani. Na kwa kilima?"

"Sijawahi kuufuata."

"Kwa hivyo hujui."

"Sijui, mama."

Akalitazama jembe lake kidogo. "Basi waambie wazee hivyo. Usiwaambie kitu ingine."

Waliketi Jumapili alasiri, kwa sababu Jumamosi nusu ya wazee ni Waadventista na Jumapili asubuhi nusu nyingine ni Wakatoliki, na shauri la mpaka halisikilizwi na nusu ya watu. Waliketi uani kwa Mama Nyaboke, kwenye viti vilivyoazimwa. Nyakundi alisimama, akaniuliza maswali mafupi kama wakili.

"Nani alipanda hizi miti?"

"Mimi."

"Kwa mkono yako?"

"Kwa mkono wangu."

"Kuna mtu alikulazimisha?"

"Hapana."

Akaketi. Kusema kweli nilimwogopa, na nilijichukia. Mzee wa kijiji, mtu mfupi mwenye koti la suti na fimbo, akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema sijamaliza kazi. Nikasema mstari ule mvua iliukatiza, haujafika mwisho, na mwisho wake mimi siujui. Wazee wakanong'onezana kwa Ekegusii kwa muda mrefu. Mzee wa kijiji akasema, "Mimi nimesikiliza mipaka mingi. Mpaka iko na mwanzo na iko na mwisho. Fuateni hii laini. Ikifika mwisho, tutajua ni mpaka, na Nyakundi atachukua chini. Mpime na pegi hiyohiyo ya omotembe, kwa kila shamba, ili hakuna mtu ataonewa."

Nyakundi akacheka. "Hicho kichupa ni chake. Kitasema anachotaka."

Nikaenda mbele ya mzee wa kijiji, nikanyoosha kamba, nikatundika pima maji, nikamwomba atazame kiputo. Kisha nikaitoa, nikaigeuza, mkono wa kulia ukaenda kushoto. Kiputo kikarudi palepale. "Kama inadanganya, ikigeuzwa itajisema," nikasema, kwa maneno ya yule mama wa duka. Mzee akaigeuza mwenyewe mara nne. Akampa Nyakundi naye akaigeuza. Kicheko kilikwisha.

Tulianza Jumatatu kutoka kigingi cha mwisho cha Mama Nyaboke, tukielekea kulia, tukimwacha Nyakundi nyuma. Mzee Makori, dhaifu bado, alishika fito ya nyuma. Kila asubuhi mzee wa kijiji alikuja kukagua kigingi cha jana kisiwe kimehamishwa. Tulipita kwenye migomba, kwenye majani chai, tukapita nyuma ya kanisa. Mahali pamoja mstari ulifika kwenye jiko la mama mmoja, ukaingia mlangoni na kutokea dirishani, naye akasogeza sufuria, akatuambia tupite haraka maharagwe yasiungue. Siku ya tatu tulikuwa na watu kumi wakitufuata. Siku ya sita sikuwahesabu. Watu waliacha kazi zao kuja kutazama kiputo. Hakuna aliyezungumza kilipokuwa kikitafuta katikati, kisha kikitulia wote walipumua.

Mimi nilikuwa sipumui. Nilikuwa najua kitu ambacho wao hawakujua. Uzi hulegea. Fito huzama kwenye tope upande mmoja zaidi ya mwingine. Kila mita kumi unakosea unene wa ukucha, na kilima kizima kina mita kumi nyingi mno. Mstari ungeweza kuzunguka kote ukarudi mita tatu juu ya ulipoanzia, au mita tatu chini, na hapo ungekuwa na ncha mbili, na mstari wenye ncha mbili ni mpaka. Nilikuwa nimeitundika chemchemi ya mjane kwenye uzi unaolegea. Jioni nilikuwa naupima uzi upya, nikiufunga upya, nikimgombeza kila aliyenikaribia.

Siku ya tisa tukafika kwenye ua wa Nyakundi, kutoka upande wa pili. Nyumba yake juu, maji yake chini, na sisi katikati. Alitufungulia, kwa kuwa wazee walishaamua, lakini akasema fito ya mbele ataishika yeye. Hakuna aliyekataa. Tukapiga vigingi vyake, vya mti wa ua wake mwenyewe, shamba lake likakatwa kama la shemeji yake. Zilipobaki mita kumi za mwisho, nilikiona kigingi cha kwanza cha Mama Nyaboke, ng'ambo ya mpaka, kikiwa na majani yake. Kilikuwa chini. Chini sana, kimo cha mtu. Nilikitazama nikaona kazi yangu imekwisha na nyumba ya mwanamke yule imekwisha.

Mzee Makori hakugeuka. Alikuwa nyuma yangu na fito yake. "Madam," akasema. "Unaangalia kilima."

Nikainamisha macho kwenye kiputo. "Shuka," nikamwambia Nyakundi. Akashuka. "Shuka tena. Kidogo. Panda nusu hatua. Hapo."

Kiputo kilitulia. Nilikaa nikikitazama kwa sababu sikuthubutu kutazama kitu kingine. Kisha nikainua macho. Fito ya Nyakundi ilikuwa imesimama kando ya kigingi cha kwanza. Mzee wa kijiji alipiga magoti na koti lake la suti, akapima kwa mkono tofauti ya kimo. Kiganja kimoja. Kilima kizima, migomba, chai, kanisa na jiko la maharagwe, na tulikuwa tumekosea kiganja kimoja.

Mimi ndiye niliyesomea jambo hili. Nilikuwa na cheti. Na nawaambia kweli, kabla ya siku ile sikuwa nimeliamini. Maji yaliyo ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole yalikuwa yametuongoza siku tisa kuzunguka kilima na kuturudisha nyumbani, na hayakuwahi kukiona kilima hicho. Nililia mbele ya watu, sikuona haya.

Nyakundi alikuwa bado ameshika fito. Aliitazama, akatazama kigingi, kisha akageuka kutazama upande ule mwingine, tulikoondokea siku tisa nyuma.

"Tulitoka na huko," akasema.

"Ee," mzee wa kijiji akajibu.

"Na tumeingia na huku."

"Ee."

Alikuwa mtu mwerevu, hilo sitamnyima. "Hii haina mwisho," akasema polepole.

"Sema watu wasikie."

"Haina mwisho. Si mpaka." Kisha, kwa sauti ya chini, na nadhani hakutaka tumsikie, "Ni kitu gani hii?"

Mama Nyaboke alikuwa amesimama ng'ambo na jembe lake. Hakupiga vigelegele, hakunikumbatia. Alinisubiri nijifute uso, akauliza, "Mtachimba lini?"

Tulichimba msimu ule, na si kwake tu. Vigingi vilikuwa kwa kila mtu, na kila mtu alikuwa ameona kwa macho yake. Hakuna barua ya serikali ingeweza kukichimbisha kilima kile kizima. Kosa langu liliweza. Nyakundi alichimba wa pili, na mtaro wake ulikuwa mzuri kuliko wote, nikamwambia hivyo, akanuna. Mwishoni mwa miaka ile ya tisini zilipokuja mvua za Elnino, vilima vingi vilichanika. Nilikwenda kwao nikiwa na hofu, barabara zilipopitika. Nilipofika kilima cha ng'ambo, pa kukionea chao, nilisimamisha pikipiki. Mtaro wote ulikuwa umejaa, na maji yalikuwa yametulia kuzunguka kilima kizima, bila kumwagika popote. Mzee Makori alikuwa amestaafu wakati huo. Nilitamani sana awepo.

Katika mafunzo yenu ya mtandaoni nimeona mmeandika, "Tumia vigingi vikavu." Sentensi hiyo niliitia mimi kwenye mwongozo wa zamani, na msiitoe. Lakini mwezi uliopita, mliponichukua twende kupiga picha za somo, mlishangaa kwa nini mshipi wa maua mekundu umekizunguka kilima kile, mkauliza ni mradi wa nani. Sasa mnajua.

Mama Nyaboke alifariki miaka kadhaa iliyopita, shambani mwake. Aliyetupokea ni Nyaboke, sasa mwalimu, ambaye hakwenda zake kama alivyotabiriwa. Nyumba yake ipo juu, na nepia yake, migomba na ng'ombe wake wawili wapo chini, kando ya chemchemi. Mzee Nyakundi naye alikuja, anatembelea mkongojo, akadai kuishika fito ya mbele, na hakuna aliyekataa. Kijana wenu aliyeshika simu alitembea juu, akatembea chini, akatafuta pembe nzuri, kisha akauliza mstari unaanzia wapi ili aanze kurekodi.

Tulitazamana, sisi watatu. Nyaboke akamwambia aanze popote.